Jani Kifudifudi

Kwetu Usoke jani lilikuwa deni.
Baba alilichuma na umande wake,
akalitunga kwenye fito, akalipandisha banini,
na usiku wa manane aliamka kuchochea moto,
magogo ya mtundu, magogo ya myombo,
mpaka kijani kiishe.
Jani lililokufa vizuri lilinilipia ada.
Lililokufa vibaya, mteuzi alilishika kwa vidole viwili,
akataja daraja, akapita.

Leo nina kisu, na jani la bluberi
lisilofikia upana wa ukucha wangu wa kidole cha mwisho.
Mama yake yumo kwenye chupa ya tatu kutoka dirishani.
Alikuja kwa basi kutoka Njombe
ndani ya kopo la maziwa, kopo ndani ya kanga,
na kondakta alitaka nimlipie nauli.

Nimenawa mara tatu. Nimebana pumzi.
Kisu kimepita kwenye spiriti, kimepita motoni,
kinapoa nikihesabu hadi kumi kwa Kinyamwezi,
kwa kuwa Kiswahili nakihesabu haraka mno.
Chale tatu, zisifike ukingoni.
Kisha nalilaza kifudifudi
juu ya uji ulioganda:
sukari, chumvi, uchachu,
maana mmea huu haupatani na ardhi tamu,
na homoni, kiasi kisichojaza tundu la sindano,
ya kulishawishi jani
liache ujani.

Wiki mbili gizani.
Chupa ishirini na nne kabatini,
na mimi natembea kwa vidole kana kwamba zinasikia.

Umeme ukakatika siku mbili.
Tabora ya Oktoba unaijua: hata kivuli kina jasho.
Nilipofungua kabati ukungu ulikuwa umeshahamia,
mweupe kama pamba ya hospitali, kisha wa kijivu,
kisha mweusi katikati.
Kumi na saba nikazichemsha na vilivyomo.
Msagata, mlinzi wetu, akachungulia sufuria:
“Dawa hiyo inatibu nini?”
Nikamwambia, kiburi.

Jioni baba akapiga simu.
“Hilo jani lako ni daraja gani?”
Halijakaushwa, baba.
“Basi linaoza.”
Linavimba.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake,
nikasikia kifua chake.

Linavimba pale pale nilipolijeruhi, si pengine.
Kovu linanenepa, linakuwa na vinundu kama ulimi wa ng'ombe,
na sijui nani aliyelidokeza
kwamba humo ndani kuna shina,
kuna mizizi, kuna msimu mzima wa maua.
Kwetu madaraja yalijaa kitabu,
la rangi hii, la doa lile, la juu, la chini,
na hapakuwa na hata moja
la jani linaloweza kuanza upya.

Nimesoma kwamba tumbaku, tumbaku hasa,
hukubali jambo hili upesi kuliko mimea mingi.
Kipande cha jani, chupa, subira, na mche unasimama.
Sijamwambia baba.
Nitaanzaje? Nitaanzia kwenye bani lipi?

Jumanne, chupa ya kumi na tisa.
Chini ya lenzi, pembeni mwa chale ya pili,
kuna kitu chekundu,
kidogo kuliko mtama, kimechongoka.
Nikafuta lenzi. Kipo.
Nikaandika kwa kalamu ya wino: 19, chale ya 2, moja.
Mkono ukatetemeka kwenye hiyo moja.

Tunda lenyewe sijawahi kulionja.
Mama akiniuliza namwambia ni kama ntalali,
jeusi, la kuchafua ulimi,
na huenda nadanganya.

Alhamisi baba anakuja mjini kliniki.
Atapitia hapa, atavua kofia mlangoni,
atataka kulishika kwa vidole viwili.
Nitampa chupa, kifuniko kimekazwa.
Ataigeuza kwenye mwanga wa dirisha
taratibu, kama mteuzi,
na mimi nitasimama pembeni ya mtumba wangu
nikingoja aseme.